KARAKANA ina A nne

Swali: *Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Morogoro, natengeneza mageti, madirisha na matrela madogo. Nimehamia kando ya barabara kuu iendayo Dodoma, nikataka kibao kipya. Kijana wangu alipakua mtandaoni fonti moja nene, yenye pembe zilizokatwa, kama maandishi ya kwenye mitambo. Kwenye simu ilipendeza mno, ina sura ya chuma hasa. Tumechapa turubai la mita tatu, tumelitundika, na sasa watu wananiuliza "KRRAKRNR" ni nini. Mchora mabango wa jirani anasema fonti hizi ni za kuchezea, niandike kwa herufi za kawaida. Mimi za kawaida sizitaki, kila mtu anazo. Nifanyeje?*

Jibu: Marahaba, fundi. Usiishushe hiyo fonti hadhi bado, wala usigombane na jirani yako. Hebu kwanza liangalie neno lenyewe. KARAKANA ina herufi nane, na nne kati ya hizo ni A. Herufi pekee inayofanana na A kwenye fonti za namna hiyo ni R, na hiyo R imekaa katikati ya A mbili. Sidhani kama kuna neno la Kiswahili ambalo lingeionea fonti yako kuliko hilo. Ungekuwa unauza VYUMA tu, pengine usingeniandikia.

Chukua karatasi uchore A ya pembe zilizokatwa: kichwa bapa, kona mbili za juu zimekatwa mshazari, miguu miwili imesimama wima, na kipande kimoja cha kulala katikati. Sasa chora R ya fonti hiyohiyo: kichwa bapa, kona ya juu kulia imekatwa, miguu miwili, kipande cha kulala katikati. Tofauti yao ni kona moja ya juu kushoto na kidonda kidogo kiunoni upande wa kulia. Kwenye simu, jicho likiwa sentimita 30 kutoka kwenye kioo, vitu hivyo vinaonekana. Ukiwa ng'ambo ya barabara kuu havionekani. Dereva aliyepita anaona safu ya vibanda vinane vinavyofanana, anapiga gia anaondoka.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni hili: baki na sura ya chuma, badilisha A. Weka A yenye ncha, ile ya miguu miwili iliyoinama ikakutana juu, halafu zilizobaki ziache na pembe zake zilizokatwa. Zikisimama pamoja, A nne zenye ncha kati ya herufi nne pana zitalipa neno lako mdundo wa juu-chini ambao sasa halina. Wapo watakaokuambia ni dhambi kuchanganya herufi ya mshazari kwenye fonti ya pembenane. Waache. Herufi za kibao zimekuwa zikirekebishwa kwa mkono tangu kibao kilipokuwa ubao.

Ila ningependa ujue sura hiyo imetoka wapi, kwa sababu wewe kwa kazi yako uko karibu nayo kuliko mimi niliyeanza na brashi.

Kwa karne kadhaa herufi za chapa zilitengenezwa kwa ajili ya vitabu: nyembamba hapa, nene pale, zikiiga mkono wa mwandishi na kalamu yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 Uingereza ilijaa viwanda, bidhaa na mabango ya kutangaza bidhaa, na herufi za kitabu zikawa kama mtu anayenong'ona sokoni. Kabla ya 1820 Vincent Figgins wa London alikuwa ameshatoa herufi nene zenye miguu mizito ya mraba, yaani vile vipande vya kulala kwenye ncha za mistari ya herufi, na muda si muda zikafuata zile zisizo na miguu kabisa. Tatizo likawa ukubwa. Herufi ya kuchapia ya madini ya risasi yenye kimo cha shubiri ni nzito, ni ghali, na ikipoa vibaya sura yake haikai sawa. Mwaka 1827 huko New York, Darius Wells akaanza kutengeneza herufi za mbao kwa wingi kwa mashine yenye kikatio kinachozunguka. Mbao ni nyepesi, na herufi inaweza kuwa kubwa upendavyo.

Hapa ndipo kifaa kinapoanza kuchora herufi. Kikatio kinachozunguka ni cha duara, hakiwezi kuacha kona kali upande wa ndani, kwa hiyo kila kona ya ndani ilimaliziwa kwa kisu cha mkono. Na yeyote aliyekata herufi kwa msumeno, patasi au mkasi wa bati anajua kuwa O ya mviringo inatesa, lakini O ya pembe nane ni mikato minane iliyonyooka, basi. Herufi za pembenane zikaenea kwenye mabango ya karne ile. Waliozipenda hawakuwa na falsafa yoyote juu ya chuma, walikuwa wanamaliza kazi.

Fonti ya kisasa ya ukoo huo iliyojulikana zaidi inaitwa Machine. Ilichorwa na Tom Carnase na Ronne Bonder na kutolewa na kampuni ya ITC ya New York mwaka 1970. Ni nene, imebana, ina herufi kubwa tu, na kila mahali ambapo herufi nyingine ingepinda yenyewe imekatwa kona. Fonti nyingi za bure ambazo vijana wetu wanapakua leo ni wajukuu zake, wengine halali, wengine wa pembeni. Waliozichora walikuwa na kompyuta ambayo inachora mviringo kwa urahisi uleule inaochora mstari. Pembe kwao ni vazi tu, maana kompyuta haikuwalazimisha.

Wewe fundi, kwako si vazi. Grenda yako haikati mviringo. Ndiyo maana naona umekosea kitu kimoja tu kikubwa, nacho si fonti: umechukua herufi zilizozaliwa kwa msumeno ukazichapa kwenye turubai la plastiki. Una karakana. Tengeneza herufi za chuma.

Usizikate kwenye bati zima, kwa sababu unayoijua: diski ni duara, na kwenye kona ya ndani ama inapitiliza upande wa juu ama inaacha kipande hakijakatika upande wa chini. Tundu la A na kona za E zitakusumbua siku nzima kwa tindo na faili. Zijenge kwa fletiba, yaani pau bapa za chuma, kama unavyojenga fremu ya geti. Chukua fletiba ya milimita 50 kwa 6. Herufi iwe na kimo cha sentimita 30 na upana wa 20. Kona ya geti la kawaida unakata nyuzi 45 kila upande ili kupata mraba, sivyo? Kona iliyokatwa ya herufi ina pembe ya nyuzi 135, kwa hiyo kila kiungo unakikata kwa nyuzi 22 na nusu. Tengeneza kipimio kimoja cha pembe hiyo kwa kipande cha bati na kazi nzima itakwenda kwa kipimio hichohicho. A yenye ncha itakutaka kipimio kingine, na mishazari ya K na N pia. Juu pale miguu inapokutana, sawazisha ncha kwa upana wa vidole viwili, maana ikiwa kali sana kwa mbali inapotea na A inaonekana fupi kuliko wenzake. Kipande cha kulala cha A kishushe kiwe theluthi moja ya kimo kutoka chini. Ukikiweka katikati kabisa, tundu la juu linakuwa dogo na rangi italiziba.

Kwa vipimo hivyo herufi moja kwa wastani inakula chini ya sentimita 80 za fletiba. Neno la herufi nane linatoka kwenye pau moja ya mita sita na kipande cha pau ya pili. Fletiba hiyo ina uzito wa karibu kilo 2.4 kwa mita, kwa hiyo KARAKANA nzima haifiki kilo 16. Nimetaja uzito kwa sababu nimewahi kuona herufi zikining'inia kwa skrubu za mbao kwenye ukuta wa tofali za udongo. Wewe utazichomelea kwenye skwea paipu mbili za kulala, moja juu na moja chini, kisha ufunge paipu zenyewe kwenye nguzo. Ziache hewani bila bati la nyuma endapo nyuma yake ni anga. Kama nyuma ni ukuta wenye madirisha, milango na mageti yaliyoegeshwa, weka bati la rangi moja, ama herufi zitamezwa na vyuma vingine.

Unene nao tuuzungumze, maana ndio unaowapoteza wengi. Watu hudhani herufi ikinenepa zaidi ndiyo inaonekana zaidi. Fanya hesabu ya E yenye kimo cha sentimita 30. Ina vipande vitatu vya kulala. Vikiwa na sentimita 5 kila kimoja, vimekula 15, zimebaki 15 za kugawana nafasi mbili, yaani saba na nusu kila moja. Safi. Vikiwa na sentimita 8, vimekula 24, na kila nafasi imebaki sentimita 3. Hiyo kwa mbali ni boksi jeusi. Fonti uliyoipakua, kwa jinsi ulivyoieleza, iko upande huo wa pili. Ilitengenezwa kwa ajili ya jina la filamu au jezi ya mpira, mahali ambapo msomaji ameshajua kilichoandikwa kabla hajakisoma. Kibao chako kinasomwa na mgeni. Unene wa sehemu moja kwa tano hadi moja kwa sita ya kimo unatosha kabisa kuonekana mzito.

Kuhusu umbali, wachora mabango tuna kanuni ya siku za inchi na futi: kimo cha inchi moja kwa kila futi kumi. Kwa vipimo vya leo ni sentimita mbili na nusu kwa kila mita tatu. Herufi ya sentimita 30 inasomeka bila kukunja uso kutoka mita 36 hivi. Inaweza kuonwa kutoka mbali zaidi, lakini hapo msomaji anajitahidi, na anayeendesha gari hana nafasi ya kujitahidi. Kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa, yaani karibu mita 14 kila sekunde. Mita 36 zinakwisha kwa sekunde mbili na nusu. Katika muda huo mtu anasoma maneno matatu, manne akiwa abiria. Wewe nadhani umeandika karakana, mageti, madirisha, matrela, karibu sana, tunachomelea aina zote, na jina la mwenye mali. Chagua. Mimi ningeandika KARAKANA kwa chuma, MAGETI NA MATRELA chini yake kwa nusu ya kimo, kisha namba ya simu. Hiyo karibu sana utawaambia kwa mdomo wakifika.

Namba ya simu ndiyo sehemu inayoniuma. Miaka hiyo nikiwa bado kijana wa brashi niliandika kibao cha fundi pancha mmoja, na kwa kuwa nilikuwa nimetoka kujifunza herufi za pembenane, niliandika hata tarakimu kwa mtindo huo. Zilipendeza. Baada ya wiki kama tatu mteja akaja kunitafuta, hakuna anayempigia. Tukasimama ng'ambo ya barabara mimi na yeye, na hapo nikaona mwenyewe: 6 yangu ilikuwa 8, na 8 ilikuwa 0 yenye uchafu. Nilirudia kazi bure, na rangi nikanunua mimi. Tarakimu zina ugonjwa mbaya kuliko herufi kwa sababu neno likikosewa herufi moja msomaji atalikisia, lakini namba ya simu haikisiki.

Wajerumani walilichukulia suala hili kwa uzito upande wa namba za magari. Kuanzia mwaka 1978 mchora herufi Karlgeorg Hoefer alifanya kazi ya kuunda herufi ambazo mhalifu hawezi kuzigeuza kwa wino mweusi, 3 isiwe 8, P isiwe R. Ukiziangalia zina sura za ajabu kidogo, kila moja na kilema chake, na vilema hivyo vimewekwa makusudi ili kila moja itambulike peke yake. Wewe huna haja ya kwenda mbali hivyo. Andika namba ya simu kwa fonti ya kawaida, ambayo jirani yako mchora mabango amekuwa akikuhubiria. Hapo yuko sahihi kabisa. Gawa tarakimu nne, tatu, tatu, na uache nafasi ya kutosha kati ya mafungu.

Ukitaka namba na mstari wa pili vibaki na harufu ya kiwanda bila kuwa fumbo, nenda stationari yoyote yenye kompyuta ya Windows 10 au ya karibuni zaidi utafute fonti iitwayo Bahnschrift. Imetoka kwenye herufi za kiwango cha Kijerumani, DIN 1451, zilizopitishwa mwaka 1936 kwa ajili ya barabara, reli na michoro ya kihandisi. Ni kavu, ni safi, na 6 yake ni 6. Kama hiyo unaiona imepoa mno, Big Shoulders ya Patric King, iliyochorwa kwa ajili ya jiji la Chicago, ni ndefu na imebana, kwa hiyo maneno yetu marefu ya Kiswahili yanaingia bila kupunguzwa kimo. Hiyo ni ya bure, ya leseni huria, unaruhusiwa kuitumia kibiashara na hata kuirekebisha. Nalisema hili kwa sababu faili nyingi zinazopakuliwa zimeandikwa ndani kuwa ni za matumizi binafsi tu, na kibao cha biashara si matumizi binafsi. Mwambie kijana afungue kile kifaili cha maandishi kinachokuja na fonti akisome. Hakuna anayekisoma.

Akiwa hapo hapo aandike pia ng'ombe na ng'ang'ania, aone kama ile alama ya juu ipo na imekaa mahali pake. Fonti nyingi za mapambo zina herufi 26 na tarakimu kumi, basi. Nina rafiki wa Nyeri ambaye kwa Kikuyu anahitaji ĩ na ũ. Kwenye nusu ya fonti za namna hii kompyuta inamwazimia herufi hizo kutoka fonti nyingine, na neno moja linatoka na sura mbili kama ukuta uliopigwa rangi nusu.

Rangi sina mengi. Njano iliyoiva juu ya nyeusi, au nyeupe juu ya bluu nzito. Piga praima ya kuzuia kutu kwanza, hasa kwenye viungo vya ndani ambako maji ya mvua yanakaa. Usipige kivuli, usipige mwanga wa uongo pembeni, wala usichore nati na mnyororo. Chuma halisi kikipigwa na jua la saa tisa kinatupa kivuli chake chenyewe kwenye ukuta, na hakuna programu inayokipata hicho.

Na nafasi kati ya herufi usizipime kwa rula. Mguu uliosimama ukikutana na mguu uliosimama, acha upana wa fletiba moja na kidogo. A yenye ncha inaacha hewa nyingi juu kila upande, kwa hiyo isogeze karibu zaidi na K na R kuliko hesabu inavyokuambia. Zilaze zote chini sakafuni kabla hujachomelea, panda ngazi au juu ya benchi, uziangalie kwa jicho lililofumbwa nusu. Panapotokea shimo, sogeza. Bibi zetu wanajua hili kwenye kanga: jina la kanga huwa herufi kubwa, nene, zenye nafasi, na linasomwa na mtu anayetembea nyuma yako njiani wakati nguo yenyewe inacheza.

Kabla ya kuchomelea moja kwa moja, shika kwa pointi tu, simamisha, kisha mtafute mtu asiyejua biashara yako. Mtoto wa darasa la tatu ni bora kuliko mtu mzima, maana mtu mzima anakisia. Msimamishe ng'ambo, aangalie upande mwingine, mgeuze, hesabu sekunde mbili, mgeuze tena. Akisema "karakana", choma. Akisita, muulize ni herufi ya ngapi iliyomkwamisha, na uirekebishe hiyo tu. Na kama nguzo zako zitaingia kwenye hifadhi ya barabara, tafuta kibali kwanza, usije ukaandikiwa X nyekundu juu ya kazi safi.

Lile turubai la mita tatu usilitupe. Kwa upande wa nyuma bado ni jeupe, na masika haya yanakuja ukiwa na mashine ya kuchomelea nje.